Shangazi Haendi kwa Wifi

Jumapili, 9 Juni. Asubuhi ya mawingu, manyunyu kidogo, upepo hakuna.

Kikao cha Chama cha Vikokotoo vya Kale kimefanyika sebuleni kwangu. Wanachama wote wamehudhuria, yaani watatu. Mwenyekiti ni mzee Mpima, aliyepima ardhi maisha yake yote na sasa amestaafu. Katibu ni mimi. Mwanachama wa kawaida ni wifi, dada yake mume wangu, anayekaa nyumba inayopakana na yetu na aliyeanza kukusanya vikokotoo baada yangu. Baada yangu! Nasisitiza kwa sababu watu husahau.

Mpima alikuwa na habari. Anahamia kwa binti yake, atapewa chumba chenye rafu moja. Vitu vyake atavigawa. Kisha akafungua mkoba wa ngozi akamtoa Shangazi.

Shangazi ni kikokotoo chake cha ujana, chenye tarakimu nyekundu zinazowaka kama makaa na vitufe vinavyolia tak, tak. Kapewa jina hilo kwa sababu ukimuuliza jambo gumu hunyamaza kwanza, hufikiri, ndipo hujibu, na hakosei. Mimi nina vikokotoo kumi na vinne kabatini. Hakuna hata kimoja kinachowaka nyekundu. Nimemtamani Shangazi tangu siku ya kwanza niliyomwona, nikameza mate kama mtoto mbele ya dirisha la keki.

Mpima akasema Shangazi atabaki na mmoja wetu. Akatoa pakiti mbili za betri, kuukuu, kila moja ina betri tatu nene ndani ya ganda la plastiki. Moja akampa wifi, moja akanipa mimi. Tukae nazo wiki nzima. Jumamosi twende kwake, naye ataona nani anajua kuishi na betri za kizee. Atakayemridhisha ataondoka na Shangazi.

Wifi akacheka, akasema, “Hee, mzee wangu, mimi hata za tochi zinanishinda.”

Ujanja huo! Alisema hivyohivyo kuhusu kuendesha gari, na leseni akaipata mara ya kwanza. Mimi niliipata mara ya nne.

Sina wivu. Naandika tu kilichopo. Nimelala saa nne kasoro robo.

Jumatatu, 10 Juni. Jua tangu mapema.

Nimevaa glavu, nimefungua pakiti yangu. Betri mbili kati ya tatu zimetoa unga mweupe kwenye ncha.

Chama chetu kina kanuni kumi za usalama. Nimeziandika mimi, nikazipiga chapa, kila mwanachama akapewa nakala. Kanuni ya tatu: pakiti iliyotoa unga mweupe haichajiwi, ifungwe kwenye mfuko, ipelekwe panapopokea betri mbovu. Maneno mazuri, yamepangika. Kwa hiyo nikaamua kutii. Jumamosi nitamwambia Mpima ukweli, potelea mbali Shangazi. Nikajisikia mtu mwema sana. Hata vyombo nikaviosha bila kununa.

Jioni nikatoka kuanua nguo. Kwa bahati mbaya nikawa nimesimama juu ya ndoo. Kwa bahati mbaya dirisha la jiko la wifi liko upande huo. Na mle jikoni, juu ya meza, nikaona taa ndogo ya kijani. Taa ya chaja!

Kwa hiyo yake ni nzima. Kwa hiyo Mpima kampa yeye nzima na mimi kanipa yenye unga! Na kwa nini? Kwa sababu wifi huchekea hadithi zake zote za kupima mashamba, hata ile ya ng'ombe aliyekula kamba ya kupimia, ambayo tumeisikia mpaka ng'ombe mwenyewe angechoka.

Kanuni ya tatu ina upungufu. Nimeirekebisha leo, kwa mamlaka ya katibu: haichajiwi, isipokuwa unga ukisafishwa.

Nimelala saa tano.

Jumanne, 11 Juni. Mawingu mazito, mvua haikunyesha.

Nimesafisha. Siki, pamba, mswaki wa zamani. Unga ukatoa povu ukayeyuka. Chupa nzima ya siki imekwisha. Mume wangu alirudi kazini akasimama mlangoni na kuvuta hewa. Akauliza kama siku hizi ameoa saladi.

Nilikuwa nachaji, na nachaji kama inavyopasa: pakiti juu ya kigae, mbali na pazia, beseni ya mchanga pembeni, chaja ya polepole, dirisha wazi. Mkono juu ya pakiti kila baada ya muda. Ikiwa na joto la kikombe cha chai, inatolewa. Haikupata joto lolote. Ilikuwa baridi kama mguu wa maiti.

Baada ya chakula nikaipima kwa balbu ya tochi. Balbu ikakonyeza mara moja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, ikazimika.

Mume wangu, bila kuulizwa, akashauri nimwombe dada yake anionyeshe anavyofanya. Nimwombe! Nikamwambia ni wazo zuri sana. Nikaenda kuoka keki.

Nimelala saa sita, nikiwa na unga wa ngano kwenye nyusi.

Jumatano, 12 Juni. Mvua ya asubuhi, kisha jua.

Nimekwenda kwa wifi na keki. Akanipokea kwa furaha, akanikalisha kwenye kiti kinacholipa jiko mgongo. Makusudi.

Nikamuuliza pakiti yake inaendeleaje. Akasema, “Aa, wifi, ipo tu,” akahamia kwenye bomba lake linalovuja. Ipo tu! Mtu asiye na la kuficha hutoa maelezo.

Nikaomba maji, nikanyanyuka kwenda kuyachukua mwenyewe. Akaniwahi, akaniletea. Nikaomba kisu cha keki. Akakileta. Mwishowe nikasema nasikia harufu ya kitu kinaungua. Akakurupuka kuelekea jikoni, nami nyuma yake. Ndipo nikaona vizuri: chaja ukutani, taa ya kijani inawaka, waya umepita nyuma ya kopo la mkate. Nyuma ya kopo! Kaificha.

Kabla sijasogea akageuka, tukakutana uso kwa uso. Akasema hakuna kinachoungua humu, labda ni mimi mwenyewe. Akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka. Taya linaniuma mpaka sasa.

Wakati wa kuondoka akanifungashia nusu ya keki yangu, kwenye sahani nzuri kuliko ile niliyoileta. Hata sahani!

Nimefikia uamuzi. Polepole imeshindikana. Pakiti inahitaji kushtuliwa. Nimelala saa nne na nusu.

Alhamisi, 13 Juni. Anga safi. Joto.

Mimi ni karani wa malipo katika duka la vifaa vya ujenzi. Tunauza misumari, rangi, makufuli, saruji, na drili zisizo na waya. Drili hizo zina chaja zenye nguvu. Moja iko kaunta kwa ajili ya kuwaonyesha wateja.

Najua wanachosema wataalamu kuhusu kusukuma umeme mkubwa kwenye betri ndogo ya kizee. Ni kanuni ya tano. Lakini niliiandika nikiwa sijui wifi anaweka nini nyuma ya kopo la mkate.

Nikaunganisha kwa nyaya mbili na vibanio vya nguo. Nikaiweka pakiti ndani ya droo ya risiti. Nikaendelea kuhudumia watu kwa tabasamu.

Fundi bomba mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alikuwa analipia viungio vyake. Akaniuliza, “Dada, humo ndani unachemsha nini?” Nikasema ni mashine ya risiti. Akasema mashine ya risiti haipigi mluzi. Nikafungua droo kidogo. Pakiti ilikuwa imevimba kama shavu lenye jino bovu.

Nikang'oa nyaya. Paf! Moshi, harufu kali, risiti za wiki nzima zikaanza kujikunja. Bosi akapiga kelele watu watoke nje. Uani tuna mchanga wa malori mawili, wa kuuza. Kaunta hakuna hata kijiko! Nilipokuwa bado nawaza niubebe kwa chombo gani, fundi bomba akatokea na ndoo ya maji akaimwaga yote: kwenye droo, kwenye drili ya maonyesho, kwenye viatu vyangu.

Hakuna aliyeumia. Nimeandika hilo kwanza kwenye taarifa, kwa herufi kubwa.

Bosi alikuwa mpole, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, “Mama, hapa tunauza drili. Hatupiki betri.” Akasema kesho nipumzike nyumbani.

Saa hizi wifi anatazama taa yake ya kijani, miguu imekauka. Nimelala saa saba.

Ijumaa, 14 Juni. Mawingu.

Nimepumzika, yaani nimezunguka mji mzima. Betri mpya za unene ule sikupata. Duka moja walinipa za saa ya ukutani. Duka la pili walinipa pole.

Pakiti ya Mpima nimeifungua. Betri zake zimekufa moja kwa moja, nimezifunga kwenye mfuko, maziko ya heshima. Ganda limepasuka upande mmoja tu, gundi imelishika. Kwa nje huwezi kujua. Kinachokosekana ni betri tatu za ndani. Si udanganyifu. Wakusanyaji wa kila mahali hubadilisha betri za ndani wakabaki na ganda. Tofauti ni kwamba wao husema.

Jioni nimesimama bafuni nikipiga mswaki. Macho yakatua kwenye mashine ya kunyolea ndevu ya mume wangu. Nikaipima kwa rula. Nikaacha kupiga mswaki.

Nimelala saa tano, vizuri.

Jumamosi, 15 Juni. Asubuhi angavu. Hali ya hewa ya watu wengine.

Watu wa ukoo wa mume wangu hawamalizi kitu kwa mkupuo. Yeye hunyoa shavu la kulia, hushuka kunywa chai, hurudi kunyoa la kushoto. Kwa hiyo nilikuwa na urefu wa kikombe kimoja cha chai.

Nikafungua mashine, nikatoa betri tatu, nikazipanga ndani ya ganda, nikabana kwa foili, nikagundisha. Hatua zikaanza kupanda ngazi. Nikaficha pakiti kifuani.

Akaita kutoka bafuni kwamba mashine haiwaki. Nikamwambia tatizo ni betri. Sikusema uongo.

Hakukuwa na muda. Tukamchukua wifi, tukaenda. Alipoingia tu garini akamtazama kaka yake, nusu laini nusu msitu, akauliza amenyolewa na nani, mbuzi? Njia nzima alikuwa akimgeuza uso upande huu na upande ule. Mimi nilitazama dirishani.

Nyumba ya Mpima imejaa maboksi. Katikati ya meza tupu, Shangazi. Nikatoa pakiti yangu kwa mikono miwili. Nilitegemea aipachike. Hakuipachika. Akavaa miwani, akachukua mita ya kupimia umeme.

Akaeleza kwa upole kwamba betri tatu za aina hii hutoa volti tatu na nusu na ushee. Hii inatoa moja na kidogo. Ina maana kuna moja imewekwa kichwa chini, inapigana na wenzake. Angeipachika kwa Shangazi hivi hivi, pengine asingejibu tena maishani.

Kikombe kimoja cha chai! Laiti angekunywa viwili!

Akaingiza ncha ya kisu kwenye gundi, ganda likafunguka. Zikadondoka mezani betri tatu zinazong'aa, na pamoja nazo vinyweleo vifupi vyeusi. Mpima akaviangalia. Akaliangalia shavu la mume wangu. Akaniangalia mimi.

“Bi Katibu,” akasema, “betri yangu imeota ndevu.”

Mume wangu akasema, “Mashine yangu!” Kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Ikaja zamu ya wifi. Akatoa kwenye mkoba mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Ndani, pakiti yake, vilevile alivyopewa. Akasema Jumapili ileile usiku aliona unga mweupe, akakumbuka kanuni ya tatu ya wifi yake, ameibandika kwenye friji, basi hakuigusa tena. Ameulizia mahali wanapopokea betri mbovu na atapeleka zote mbili Jumatatu kama mzee ataridhia. Akaomba radhi kwamba hana cha kuonyesha.

Mpima akasema hicho ndicho alichotaka kuonyeshwa. Pakiti zote mbili zilikuwa zimekufa siku nyingi. Kuishi na betri za kizee ni pamoja na kujua ipi ya kuachana nayo.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikauliza, na ile taa ya kijani je?

Wifi akauliza taa gani.

Ikabidi nieleze nimeijuaje taa ya jikoni kwake. Yalikuwa maelezo marefu. Ndoo ilitajwa. Harufu ya kuungua ilitajwa. Mwisho wifi akasema ile ni chaja ya tochi. Inashinda kwenye umeme usiku na mchana na tochi yenyewe haiwaki, na si alisema mbele yetu wote kwamba hata za tochi zinamshinda? Alisema. Nimeliandika mwenyewe ukurasa wa Jumapili.

Mpima akamkabidhi wifi Shangazi.

Tumerudi gari moja. Wifi alikaa nyuma, Shangazi kando yake. Alimfunga mkanda.

Mume wangu amenunua nyembe. Hazungumzi. Nimelala saa nane usiku, au pengine sikulala.

Jumapili, 16 Juni. Anga jeupe, upepo mzuri, ndege wanapiga kelele.

Nimeamka mtu mpya. Nimetafakari wiki nzima kwa utaratibu. Nilichojifunza ni hiki: wivu unagharimu droo, viatu, ndevu na heshima. Kanuni ya tatu nimeirudisha kama ilivyokuwa. Nimemwomba mume wangu msamaha, naye amesema, “Haya, mke wangu,” maneno matatu, yanatosha kwa kuanzia.

Saa nne hodi. Wifi, na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akakiweka mapajani mwangu. Shangazi!

Akasema, “Mchukue, wifi. Mimi nampenda, lakini wewe unaumwa kwa ajili yake.” Jana jioni alimpigia Mpima, mzee akaridhia, mradi nisimlishe vitu vya bafuni. Ana pakiti mpya kabisa ndani, kamnunulia yeye kwa fundi wa tochi, nisikopita mimi. Nikalia. Nikamkumbatia. Nikamwambia hakuna mtu mwenye roho kama yake, na nilimaanisha, kwa karibu robo saa.

Kisha, akinywa chai, akataja tu hivi kwamba anapunguza vikokotoo ili apate nafasi. Ameanza kukusanya makufuli ya kale.

Makufuli?

Akasema ndiyo, ameshapata matano. Moja lina umbo la samaki, tundu la ufunguo limefichwa chini ya pezi, unalisogeza kwa kidole. Kauziwa na mlinzi mstaafu wa ghala, mzee mwenye boksi zima chini ya kitanda. Jumatano atarudi kuchagua mengine.

Nimeuza makufuli kaunta miaka tisa. Tisa! Nayafahamu kwa uzito, kwa namba, kwa mlio. Kama kuna mtu katika ukoo huu mwenye haki na makufuli, ni nani? Na hakuniambia! Anakuja na zawadi ili nisimwone anapita na boksi!

Sina wivu. Ni suala la utaratibu.

Mchana nikamwasha Shangazi. Tarakimu zikawaka nyekundu, nzuri kuliko nilivyowahi kuota. Nikamuuliza: ikiwa wifi anapata makufuli matano kwa wiki, nami nianze leo, nahitaji mangapi kwa siku ili nimpite kabla ya mwisho wa mwezi. Akanyamaza. Akafikiri. Akanipa jibu. Mlinzi wa ghala namwendea kesho alfajiri, na keki.

Nimeanza na la hapa nyumbani. Mlango wa stoo yetu una kufuli la shaba, limekuwepo kabla hatujahamia. Nimelitoa, nimeliosha kwa siki mpya, limeng'aa kama dhahabu. La umri huo wifi hana! Nikalirudisha mlangoni ili nilitazame likiwa mahali pake, nikalibana. Likafunga kwa mlio mtamu ajabu. Ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari, ndani ya stoo.

Mume wangu amekuja kuuliza ufunguo uko wapi, viatu vyake vya kazini viko humo na kesho ni Jumatatu. Saa nne usiku nilijifanya nimelala. Nimelala kweli saa saba na nusu.